Miche Miwili Kwenye Shamba la Iliki

Chai ninayopika nyumbani kwangu haina iliki. Tangawizi natia, mdalasini natia, hata mchaichai nikiupata sokoni natia, lakini iliki haivuki mlango wa jiko langu. Wageni hudhani ni ubahili. Watoto wangu wamekua wakiamini kwamba iliki inamdhuru mama yao, akiinywa anavimba uso. Ni uongo nilioupanga mwenyewe, maana ukweli ungenishushia heshima: mwanamke mzima, mwalimu wa hesabu anayeogopwa na darasa zima, anatetemeka kwa harufu ya kitu kinachotiwa kwenye pilau.

Mwezi uliopita baba alikuja kukaa nasi hapa mjini Morogoro, kwa sababu goti lake limeikataa milima. Jumamosi moja saa nne asubuhi nilimwekea chai barazani. Akaonja, akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Skola, binti wa mkulima wa iliki unanipa chai ya namna hii?"

"Imeisha, baba."

"Imeisha tangu mwaka gani? Nina wiki ya tatu hapa."

Nikacheka ili asiendelee. Simu yake ikalia, akanipa nimsomee kwa kuwa miwani aliiacha ndani. Ilikuwa picha kutoka kwa Ladi, mdogo wangu, aliyebaki kijijini. Nikaona miti miwili imesimama karibu karibu, vigogo vyake vimegusana, na chini yake kijani kingi. Niliilaza simu mezani kifudifudi kabla sijajua ninachofanya. Miaka yote hii, na bado sikuweza kuitazama.

Tulikaa upande wa mashariki wa Uluguru, upande unaopokea mvua karibu mwaka mzima. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa mama, kama ilivyo kwetu Waluguru, na baba alikuwa mtu wa Gairo, nchi ya vumbi na karanga, aliyekuja kuoa akakuta shamba analolima ni la wakwe. Alifanya kazi kama mtu anayejua kuwa anatazamwa. Alikuwa wa kwanza kupanda mlimani na wa mwisho kushuka, na hakupenda maswali.

Tulilima iliki. Iliki haipendi jua. Inataka kivuli cha miti mikubwa na udongo wa majani yaliyooza. Kwa hiyo mkulima wa iliki haangushi msitu. Anaiacha miti yote mikubwa imesimama, kisha anafyeka chini yake: vichaka, kamba za porini, maua, na kila mche uliochomoza, mpaka ardhi inakuwa nyeupe kama uwanja wa kanisa siku ya Pasaka. Halafu anapanda. Kila baada ya miezi michache anarudi kufyeka tena, maana msitu una kichwa kigumu, hauachi kuchipua. Ukiwa barabarani kule bondeni unauona mlima wa kijani usio na tundu hata moja. Bwana miti alikuwa anakuja, anaangalia juu, anaona majani, anaandika kitu kwenye daftari lake na kushuka. Nasi tulijisifu kabisa kwamba hatuharibu msitu kama wachoma mkaa.

Bibi, mama yake mama, alikuwa mkunga. Watoto wengi wa kitongoji chetu walipokelewa na mikono yake. Kitovu cha mtoto kilipokauka na kukatika, Bibi alikifunga kwenye jani, akapanda nacho msituni, akatafuta mche wa mkani. Mkani ni mti mkubwa wa kwetu, matunda yake ni marefu, ya kahawia, yananing'inia kwa uzito, na mbegu zake zina mafuta aliyotupaka Bibi wakati wa baridi. Alikifukia kitovu kwenye shina la mche huo. Sharti lake lilikuwa kwamba mche uwe umeoteshwa na msitu wenyewe, si na mkono wa mtu. Baada ya hapo mtoto na mche wanakua pamoja, na kila mmoja wetu alijua wake ulipo.

Siku moja nilimuuliza, "Bibi, na mti ukifa je?"

Aliacha kupepeta mchele. "Kwani nani anaua mti wa mtoto?" akasema, na kuendelea na kazi yake.

Jibu lile lilinitisha kuliko kama angenieleza. Nililala nalo siku nyingi.

Ladi alipozaliwa nilikuwa na miaka minane. Bibi alinichukua tukapanda wote, akauchagua mche karibu na jiwe moja kubwa lenye madoa meupe, hatua chache kutoka chini ya mkani mzee. Ulikuwa unanifika gotini. Majani yake yalikuwa magumu, yanang'aa, mawili mawili yakielekeana. "Wewe dada mtu ndiye mlinzi," Bibi akaniambia. "Ukipita, uuangalie." Nilijiona mtu mkubwa. Nilipita karibu kila siku kuupima kwa goti langu, na niliudhika kwamba mimi nilikuwa narefuka haraka kuliko mche wenyewe.

Siku ya kufyeka ilikuwa wakati wa likizo. Ladi alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Baba alitaka kuongeza shamba kuelekea juu, na alisema tutaishia chini ya lile jiwe. Alikuwa na furaha siku hiyo, jambo la nadra. Alianzisha wimbo wa kwaya, ule unaoimbwa sadaka ikitolewa, una mdundo unaoenda sawasawa na panga. Sauti yake ilikuwa mbaya sana na alijua. Yeye alikuwa juu kidogo, mimi chini, yeye anaimba mstari na mimi namjibu, na kila tukifika kwenye kiitikio mapanga mawili yanashuka pamoja. Nilikuwa na panga dogo alilonichongea mpini mwenyewe. Miche ilianguka kwa urahisi, mingine kama vidole, mingine kama nyuzi, na sikuitazama. Nilitaka baba aone nilivyo mwepesi.

Kisha nikaliona jiwe lenye madoa meupe, na lilikuwa nyuma yangu.

Mahali pa mche palikuwa na kisiki chembamba, kimekatwa mshazari, kinatoa utomvu wa manjano. Nikalitazama panga langu. Lilikuwa na utomvu wa manjano. Masikio yangu yaliziba, nikawa naona mdomo wa baba unafunguka na kujifunga bila kusikia anachoimba.

"Skola! Mbona umenyamaza? Umechoka?"

"Hapana, baba."

Nikasukuma majani kwa mguu nikafunika kisiki. Halafu, na hili ndilo ninaloona aibu nalo mpaka leo, nikaendelea kuimba.

Siku ya tatu Ladi akaamka na joto. Mama alimkanda kwa maji, Bibi akamchemshia dawa yake, lakini mchana akashikwa na degedege. Sijawahi kuona kitu kama kile. Macho yalipinduka yakabaki meupe, mgongo ukakakamaa, mikono ile minene ikawa inarushwarushwa hewani kana kwamba mtu mwingine ndiye anayeivuta. Mama alipiga kelele. Bibi hakupiga kelele, alimlaza ubavu, akasubiri mpaka mwili ukalegea. Kisha akainua uso na kunitafuta nilipokuwa nimejibanza nyuma ya mlango.

"Skola. Ulipita kuuangalia mti wa mwenzio?"

Baba alikuwa amesimama kizingitini. Mama alikuwa amemkumbatia Ladi. Wote watatu walinitazama, na mimi nikiwa na roho yangu ndogo nzima mdomoni nikasema, "Nilipita. Upo."

Bibi akapumua. Baba akainamisha kichwa, akatoka nje. Nilimwona akielekea shambani, nikadhani anakwenda tu kuwa peke yake, kama kawaida yake.

Alfajiri ya kesho yake degedege ikarudi. Mvua ilikuwa inanyesha, ile mvua yetu isiyo na haraka. Mama akamfunga Ladi mgongoni kwa kanga mbili, Bibi akashika mwavuli uliovunjika mbavu, wakawa tayari kushuka zahanati ya misheni, mwendo wa saa tatu kwa njia yenye utelezi. Wakamsubiri baba. Baba akatokea uani, jembe begani.

"Tangulieni," akasema. "Nitawafuata."

Mama alimtazama kama hamjui. "Mtoto anakufa, na wewe unabeba jembe?"

Akageuka akapanda mlimani. Siku ile nilimchukia baba yangu. Nilimwona mtu anayekwenda kupalilia iliki yake mtoto akiwa anakata roho, na chuki ile ilinisaidia kidogo, maana kwa dakika chache nilisahau kwamba muuaji ni mimi.

Bibi aliniambia nikae nyumbani nilinde moto. Walipopotea kwenye ukungu, nikatoka mbio. Nilikuwa nimepanga usiku kucha: nitatafuta mche mwingine wa mkani, unaofanana na ule, niupande palepale juu ya kitovu. Labda mti usingejua. Labda msitu usingehesabu.

Nilianza chini ya mkani mzee, kwa sababu mbegu zake huanguka hapo. Nilipiga magoti nikatambaa. Matunda yaliyopasuka yalikuwepo, mbegu zilikuwepo, zimeoza au zimetafunwa, lakini mche haukuwepo hata mmoja. Nikaenda chini ya mkani mwingine. Nikazunguka shamba lote, jani kwa jani. Niliona iliki, na iliki, na iliki. Pale ambapo tawi kubwa lilikuwa limeanguka na jua likapenya, palikuwa na miiba, na siru, gugu linalosonga kila kitu, na yale mengine yenye maua meupe yanayoota hata kwenye paa la choo. Hakuna kingine.

Nikaanza kukumbuka. Bibi alikuwa amenifundisha majani ya pale kabla hatujafyeka, na niliyajua kama ninavyojua wanafunzi wangu sasa: jani la kuzuia damu kwa mzazi, jani lenye manyoya chini, ua la zambarau linaloshika mwambani, mche wa mkulo, mche wa mti ambao nyani hupenda matunda yake. Nikawa naita majina kwa sauti, naita na kutafuta, naita na kutafuta. Miti mikubwa ilikuwa imesimama juu yangu kama siku zote, inadondosha maji. Chini yao hakukuwa na kitu cha kuitikia. Ndipo nilipoogopa hasa. Mpaka saa ile nilikuwa nadhani nimeua mche mmoja.

Nikavuka mpaka. Mpaka wa hifadhi ulikuwa mstari wa mikaratusi iliyopigwa rangi nyekundu, na watoto tulikatazwa kuukanyaga. Kuna bwana miti, tuliambiwa, na kuna wengine wasiotajwa. Ndani yake kulikuwa na giza la kijani na harufu ya udongo ambao haujawahi kupigwa jembe. Sikuweza kuweka mguu bila kukanyaga kitu kinachoota. Miche ilikuwa mingi kama umati wa watu sokoni, ya kila jani, mingine siijui, imesongamana, inanigusa miguu na mikono. Ningefurahi, lakini nilihisi yote inanitazama. Yote ilikuwa inajua nilichowafanyia ndugu zake kule chini.

Nikauona mkani, unanifika gotini, majani yanang'aa, mawili mawili. Juu yake amekaa kinyonga.

Yeyote aliyekulia kwetu anajua maana yake: ni nuksi. Mtoto wa Uluguru anaweza kumshika panya buku kwa mkia, lakini kinyonga anamkimbia mpaka nyumbani. Huyu alikuwa mdogo, na pembe puani. Jicho moja lilinitazama, jingine likatazama nyuma yangu. Nilisimama pale nikilia kimyakimya, mkojo ukanitoka ukashuka miguuni pamoja na mvua. Kisha nikafumba macho, nikaingiza vidole kwenye udongo, nikachimba, nikauvuta mche na mizizi yake. Sijui kinyonga alienda wapi. Kwa miezi mingi niliamini amebaki nguoni mwangu.

Nilipoinuka nikasikia: ko. Kimya. Ko. Ko. Kitu kilikuwa kinapiga ardhi hapo hapo karibu, nyuma ya vichaka, kinahema kama mtu anayelia. Sikungoja kujua ni nini. Nilishuka mlima ule kwa mbio, nikaanguka mara mbili, mche nimeubana kifuani, na nyuma yangu nikasikia kishindo cha kitu kingine kikikimbia pia.

Nikaupanda mche kando ya kisiki kwa mikono. Nikaubana udongo, nikarudishia majani yaliyooza juu yake kama Bibi afanyavyo, mpaka ukaonekana umeota hapo siku zote. Nikasali Baba Yetu mara tatu, nikarudi nyumbani. Moto ulikuwa umezima.

Baba alirudi mchana, matope mpaka magotini, kucha nyeusi, bila jembe.

"Jembe liko wapi, baba?"

"Limepotea," akasema. Mkulima hapotezi jembe. Hakuketi, alikunywa maji na kushuka zahanati.

Asubuhi iliyofuata nilipanda kuutazama mche wangu. Nilifika kwenye jiwe, nikaangalia, nikarudi nyuma hatua moja.

Miche ilikuwa miwili.

Wangu ulikuwepo. Kando yake, karibu kiasi cha kiganja, ulisimama mwingine, mkani vilevile, urefu uleule, majani yamewekewa vizuri shinani. Shamba zima nilikuwa nimetambaa bila kupata hata mmoja, na sasa huu ulikuwa umekuja wenyewe. Sikuwa na namna ya kuuelewa ila moja: msitu uliniona. Ulijua kwamba nimeiba, nimedanganya, nimepanda kwa mkono, na sasa umeleta wa kwake. Wa kwanza ni wa Ladi. Wa pili unasubiri mtu. Na mtu aliyestahili alikuwa amesimama hapo, ana miaka tisa, ana madoa ya utomvu kwenye gauni.

Ladi alirudi siku ya tano, mwembamba, amechomwa sindano za malaria, anataka uji. Nyumba ilishangilia. Mimi nilimbeba, nikambusu, nikajua kwamba zamu yake imepita na imebaki yangu.

Niliishi na hofu ile kwa miaka. Kila nikiumwa kichwa, kila nikipata homa, nilikuwa nikipanda kuutazama ule wa pili kama umerefuka. Ulikuwa unarefuka. Jambo lililonimaliza kabisa ni baba. Msimu uliofuata, tulipokwenda kufyeka, alifika pale akachora duara ardhini kwa ncha ya panga, kubwa kama chumba. "Hapa pasiguswe," akasema. Mjomba alimuuliza kwa nini anapoteza ardhi nzuri, baba akaendelea kunoa panga. Msimu mwingine akaliongeza duara likawa kama nyumba. Nikasema moyoni: na yeye anaujua. Na yeye anauogopa. Tulifanya kazi bila kuimba, tangu siku ile hakuimba tena shambani, na harufu ya majani ya iliki yaliyosagika mikononi ikawa kwangu harufu ya kungoja kufa.

Sikufa, kama mnavyoona. Nilifaulu, nikashuka kusoma Morogoro, na niliposhuka sikutaka tena kupanda. Habari nilizipata kwa simu. Mkani mzee uliangushwa na upepo. Baadaye mingine ikafuata, kwa kuwa hata miti huzeeka, na kila ulipoanguka mmoja hapakuwa na mdogo wa kusimama mahali pake. Jua likaingia, iliki ikakauka, siru na miiba ikachukua mteremko wote. Bibi alikufa akiwa anatuma watoto mbali, siku nzima ya mwendo, kumtafutia lile jani la kuzuia damu ambalo zamani alilichuma nyuma ya nyumba.

Basi Jumamosi ile, barazani, baba akanyoosha mkono akaigeuza simu.

"Kuna maneno chini ya picha," akasema. "Nisomee."

Ladi siku hizi huwaongoza wanafunzi wa chuo wanaokuja kuhesabu miche, wanafunga kamba za mraba ardhini na kuandika kila jani. Nikasoma kwa sauti: "Mzee, shikamoo. Leo wamehesabu ndani ya duara lako. Wanasema kuna aina za miche ambazo upande huu wote wa mlima hazipo tena. Panya buku wamehamia humo, wanafukia mbegu. Wanauliza ile mikani miwili ya katikati alipanda nani."

Baba akafuta mdomo kwa kiganja. "Mwandikie hivi. Mmoja nilipanda mimi. Mwingine uliota wenyewe."

Vidole vyangu vilikwama juu ya simu. "Umesema?"

"Hukujua wewe. Ulikuwa mdogo." Alizungumza akitazama kikombe. "Mti wa Ladi niliukata mimi, siku ile tunafyeka. Ulipomwambia bibi yako kwamba upo, nilikwenda kuhakikisha, nikakuta kisiki. Nikasema huyu mtoto hakuangalia vizuri. Kesho yake nikapanda hifadhini kutafuta mwingine. Nachimba, nikasikia kitu kinakimbia. Nikajua ndio wale wasiotajwa wanakuja. Nikanyakua mche, jembe nikaliacha hukohuko." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Nafika kwenye jiwe, nakuta mche umesimama. Jana kisiki, leo mche, Skola. Nikapiga magoti kwenye matope. Nikaona nimesamehewa. Nikapanda na wangu hapo kando, kwa kushukuru. Basi ndiyo maana sikutaka paguswe."

"Hukuona kama umepandwa?"

"Mtu anayeogopa hafukui mizizi, mama."

Nilikuwa nalia na sikuwa nimegundua. Nikamwambia. Kisiki, utomvu kwenye panga langu, uongo niliomwambia Bibi, kinyonga, ko ko ya jembe lake, na jinsi mche wake wa shukrani ulivyonitisha utoto wangu wote mpaka ukanifukuza nyumbani. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alichukua simu mwenyewe, akaisogeza mbali, akaileta karibu na uso, akikodoa macho bila miwani.

"Wako ni upi?"

Tuliinamia picha wote wawili. Vigogo vilikuwa vimenenepa mpaka vimeshikana. Sikuweza kuitofautisha, naye hakuweza.

Akairudisha simu mezani. Nilidhani anamfikiria Ladi, au Bibi, au mama aliyekufa akiamini kwamba siku ile mume wake alichagua jembe. Lakini alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona kitu kinakuja barabarani.

"Mche mmoja," akasema. "Tumeuogopa maisha yetu yote, wewe kule na mimi huku, kwa sababu tulijua ni wa nani. Na ile mingine?"

Nikaitazama tena picha.

"Ile mingine yote, Skola. Tuliifyeka tunaimba."